Majina ya Vyakula vya Njiani katika Mji wa Kozhikode

Mji wa Kozhikode uko katika pwani ya magharibi ya Bara Hindi, upande wa kusini, katika nchi iliyojulikana tangu zamani kwa jina la Malabari, na ambayo tangu tarehe 1 Novemba 1956 ni sehemu ya jimbo la Kerala. Waarabu waliuita Kalikuti, na Wazungu wakalifuata jina hilo wakasema Calicut. Wasomaji wa historia ya pwani ya Afrika ya Mashariki waujua mji huu kwa safari moja tu: Vasco da Gama aling'oa nanga Malindi tarehe 24 Aprili 1498, akiongozwa na rubani aliyempata huko, na tarehe 20 Mei akatia nanga karibu na Kalikuti. Aghalabu habari huishia hapo bandarini. Lakini mtu akishuka pwani, akapita sokoni mpaka kwenye makarai ya wauzaji, atakutana na ushahidi wa historia iliyo ndefu kuliko ile ya Wareno. Ushahidi huo umo katika vyakula vyenyewe, na umo zaidi katika majina yake.

Kuhusu vyakula hivi huulizwa swali moja kila mara, nalo ni hili: vilitoka wapi? Jibu nalo huja upesi. Halua ni neno la Kiarabu, basi halua ililetwa na Waarabu. Biriani ni neno la Kiajemi, basi biriani ni ya Waajemi. Na Waislamu wa mji huo, waitwao Wamapila, ndio wapishi mashuhuri wa vyakula hivyo, basi chakula chao ni chakula cha wageni. Hoja hii ni nyepesi mno, na wepesi wake una hatari, maana kutoka kusema kuwa chakula cha watu fulani ni cha kigeni mpaka kusema kuwa watu hao wenyewe ni wageni hapana safari ndefu. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa jambo hilo kwa urefu. Lugha yake mwenyewe imepata kupimwa kwa mizani hiyo hiyo.

Barabara iliyo mashuhuri kuliko zote katika Kozhikode huitwa Mittai Theruvu. Jina lina maneno mawili. *Theruvu* ni neno la Kimalayalamu, nalo ni njia yenye nyumba na maduka kandokando; *mittai* si la Kimalayalamu kwa asili, bali ni lile neno la Bara Hindi ya kaskazini linalomaanisha vitu vitamu. Mapokeo ya mji yasimulia kuwa mtawala wa Kozhikode, aliyeitwa Samutiri, aliwaita watengeneza halua kutoka Gujarati akawapa mahali pa kukaa karibu na kuta za kasri yake. Hadithi za namna hii hupendwa na miji yote, wala si lazima kuisadiki kila sehemu yake. Lakini jina la njia laikubalia kwa kiasi fulani, kwa kuwa nusu yake ni ya kaskazini na nusu ya wenyeji. Waingereza waliiita Sweetmeat Street, na leo wengi husema S.M. Street tu. Hapa watembezaji wa wageni hupenda kueleza kwamba Wazungu walipoiona halua inang'aa na kutetema waliidhani nyama, ndipo wakaiita nyama tamu. Maelezo hayo yachekesha lakini si kweli: neno ambalo kwa Kiingereza cha leo ni nyama, zamani lilikuwa chakula chochote, na jina lile la vitu vitamu lilikuwako Uingereza kabla Mwingereza hajafika Malabari.

Halua yenyewe yatengenezwa hivi. Unga mweupe wa ngano hukandwa na kuoshwa kwa maji mengi, wanga ukatoka katika yale maji, makapi yakatupwa. Maji ya wanga hutiwa katika chombo kikubwa pamoja na sukari, au sukari guru kwa ile halua nyeusi, yakapikwa kwa saa nyingi huku yakikorogwa bila kuachwa, na mafuta ya nazi yakiongezwa kidogo kidogo mpaka halua iachane na chombo. Mtu wa Unguja au wa Maskati ataitambua kazi hiyo mara moja, kwa kuwa halua ya kwao nayo hutaka wanga, sukari, moto wa subira na mkono usiochoka. Lakini ataona tofauti ambayo si ndogo: kwao ni samli, na huku ni mafuta ya nazi. Samli huganda na kuifanya halua nzito; mafuta ya nazi huiacha laini na yenye kung'aa, na harufu yake haifichiki hata kwa iliki. Basi halua hii ni ya nani? Jina ni la Waarabu. Mafundi, kama mapokeo yana kweli, ni Wagujarati. Ngano haioti katika mvua za Malabari, hivyo haina budi kuja kutoka mbali. Mafuta ni ya minazi ya pale pale, nayo ndiyo yafanyayo halua ya Kozhikode isiwe halua ya mahali pengine popote.

Ili kuonyesha jina la kitu laweza kueleza nini na haliwezi kueleza nini, hapana mfano ulio bora kuliko pilipili. Malabari ndiyo nchi ya asili ya pilipili ndogo nyeusi, na Waarabu waliiita nchi ya pilipili. Waswahili huiita pilipili hiyo *pilipili manga*, na Manga katika Kiswahili ni Arabuni, hasa upande wa Omani. Pilipili manga haijapata kuwa zao la Arabuni hata siku moja. Jina halikushika shamba ilikoota, limeshika jahazi lililoileta. Mtu ambaye angetaka kuandika historia ya kilimo cha pilipili kwa kulifuata jina la Kiswahili angefika Maskati akasimama jangwani.

Tena kuna la ajabu zaidi. Wareno walipoleta pilipili nyekundu kutoka Amerika, lugha zote mbili zilifanya jambo lile lile bila kushauriana. Katika Kimalayalamu *mulaku* lilikuwa jina la pilipili ya kale. Mgeni alipoingia alilitwaa jina hilo, na leo mtu akisema *mulaku* sokoni hupewa ile nyekundu. Pilipili ya kale, yenye nchi, ililazimika kuongezewa sifa: ikawa *kurumulaku*, au *nallamulaku*, yaani pilipili njema. Katika Kiswahili vilevile, pilipili bila ya nyongeza ni ile kali iliyotoka Amerika, na ile ya Malabari haitajwi bila ya Manga yake. Leo hapana karai la Kozhikode lisilotiwa pilipili nyekundu, na hapana mla njiani anayeihesabu kuwa ngeni. Karne 5 zimetosha kumfanya mgeni kuwa mwenye nyumba hata katika kamusi.

Kumbukumbu ya safari ya kwanza ya Wareno, iliyoandikwa na mmoja wao ambaye jina lake halikuhifadhiwa, yastahili kusomwa kwa ajili ya chakula, ingawa wanahistoria wameisoma zaidi kwa ajili ya siasa. Mtu wa kwanza aliyetumwa pwani na da Gama alichukuliwa kwa Waislamu wawili wa Tunisi waliojua lugha za Ulaya, nao baada ya kumhoji walimkaribisha nyumbani kwao wakampa mkate wa ngano na asali. Kwa hiyo ngano ilikuwamo mjini Kalikuti kabla ya Mreno kutia mguu, nayo ilikuwa chakula cha kumpa mgeni asiyetazamiwa. Baadaye da Gama alipokwenda kumwona Samutiri, aliandaliwa njiani wali wenye siagi nyingi na samaki wa kuchemsha, akakataa kula. Mbele ya mfalme wafuasi wake waliletewa matunda mawili: moja kama tikiti, la kukwaruza kwa nje na tamu kwa ndani, na jingine kama tini. La kwanza hapana shaka ni fenesi, na la pili ni ndizi. Matunda hayo mawili yamo njiani hata leo, yakikatwa vipande vyembamba na kukaangwa katika mafuta ya nazi. Na ndizi ndiyo iliyotangulia kwa umaarufu, ikinyunyiziwa maji ya chumvi ndani ya mafuta yanayochemka, kazi ambayo mtazamaji hupenda kusimama mbali nayo.

Wareno walijifunza jina la fenesi papo hapo. Kimalayalamu husema *chakka*, nao wakasema *jaca*, na kutoka kwao neno likaenea Ulaya. Embe nalo ni *manga* kwa Wareno, kutokana na *manga* ya Kimalayalamu. Lakini Waswahili, ambao walikuwa wakisafiri katika bahari hiyo kabla ya Wareno, hawana maneno hayo. Kwao ni *fenesi*, lililo jirani na *phanas* la pwani ya Konkani na Maharashtra, na *embe*, lililo jirani na *amba* la lugha za upande huo huo. Hata chombo cha kukaangia, *karai*, jina lake ni la kaskazini. Yaonekana basi kwamba kwa vitu hivi Waswahili walipata maneno yao kwa wafanyi biashara wa Gujarati na Konkani, si kwa watu wa Malabari wenyewe, ijapokuwa kitu chaweza kuwa ni kile kile. Hapa neno ni shahidi mwema kabisa, mradi aulizwe jambo analolijua: alipita mkononi mwa nani.

Karai la Kozhikode lina jina jingine kabisa. Huitwa *cheenachatti*, yaani chungu cha Kichina, kama vile mtungi mkubwa wa achari uitwavyo *cheenabharani*, mtungi wa Kichina. Ibn Battuta alipofika Kalikuti mnamo miaka ya 1340 aliona bandarini vyombo 13 vya Kichina vikingoja upepo. Na katika mwanzo wa karne ya 15 misafara ya Zheng He ilifika huko mara kwa mara, na ile ya mwisho mwisho ikaendelea mpaka Mogadishu na Malindi. Wachina hawakubaki. Chungu chao, au angalau jina la chungu chao, kilibaki jikoni. Karanga nazo huitwa *kappalandi*, yaani kokwa ya merikebu, nazo huuzwa njiani katika sukari guru kama kashata za Waswahili. Mwenye kutia jina hilo hakuuliza karanga zilitoka Amerika au wapi. Aliona merikebu, na hilo likamtosha. Na tunda la mpera, lililotoka Amerika pia, Wareno walilifananisha na pea la kwao, nalo likaitwa *pera* kwa Kiswahili na *perakka* kwa Kimalayalamu. Kosa moja la Mreno limehifadhiwa katika pwani mbili.

Hata hivyo sehemu kubwa ya vyakula vitamu vya njiani haikutoka bandarini moja kwa moja. Ilitoka majumbani, na hasa katika nyumba kubwa za mtaa wa Kuttichira, ambako msikiti wa Mishkal umesimama tangu karne ya 14. Msikiti huo unaitwa kwa jina la aliyeujenga, mwenye merikebu aliyeitwa Nakhuda Mishkal. Na Mswahili hana haja ya kufasiriwa neno *nakhuda*, kwa kuwa ni *nahodha* wake mwenyewe, lililotoka kwa Waajemi. Wareno waliuchoma moto mwaka 1510. Kuzunguka msikiti huo ziko nyumba za koo ambazo urithi wake hufuata upande wa mama: binti haondoki kwao anapoolewa, ila mume ndiye anayemjia, na zamani alikuja usiku akaondoka asubuhi.

Sasa neno *mapila* katika Kimalayalamu ni mkwe, yaani bwana arusi kwa kutazamwa na wazazi wa mke. Kweli, Wakristo wa kale wa Kerala nao wamepata kuitwa hivyo, na wako wataalamu wanaolifasiri kuwa jina la heshima tu. Lakini maana ya mkwe ndiyo iliyo hai katika matumizi, nayo yastahili kuangaliwa jina hilo lilitamkwa kutoka wapi. Mtu haitwi mkwe na watu wa chomboni. Huitwa hivyo na wale waliomo ndani ya nyumba, waliompokea na kumpa mahali pa kuketi na sahani ya kula. Jamaa nzima imepewa jina lake kutoka jikoni.

Na jikoni humo ndimo zilimotengenezwa karamu za mkwe ambazo leo huuzwa kwa kipande kimoja kimoja. *Unnakkaya* ni ndizi mbivu iliyochemshwa, ikapondwa, ikajazwa nazi, yai, sukari na korosho, ikaviringwa na kukaangwa. Jina lake ni tunda la msufi, kwa kuwa umbo lake ni lile lile. *Muttamala* ni ute wa manjano wa yai uliomiminwa kama nyuzi katika sukari inayochemka. Jina lake ni la Kimalayalamu tupu, yaani mkufu wa mayai, lakini ufundi wake ni ule ule wa watengeneza vitu vitamu wa Ureno, na hapa mtu aweza kuona kinyume cha halua: kwa halua jina ni la kigeni na mafuta ni ya wenyeji, kwa huu, ufundi wafanana na wa wageni na jina ni la wenyeji. *Pathiri* ni mkate mwembamba wa unga wa mchele. Wako wanaolihusisha jina hilo na *fatira* ya Kiarabu, na huenda wakawa na haki. Lakini mchele ndio uliomo ndani yake, na tui la nazi hupakwa juu.

Kome nao wahitaji neno lao. Kwa Kimalayalamu huitwa *kallummakkaya*, tunda lililo juu ya jiwe, jina zuri kwa mnyama anayechumwa mwambani. Hujazwa unga wa mchele na nazi ndani ya gamba, wakapikwa kwa mvuke, kisha wakatolewa gambani na kukaangwa kwa pilipili. Waislamu wa Malabari wafuata madhehebu ya Imam Shafi, kama wafuatavyo Waislamu wa pwani ya Waswahili, na madhehebu hayo huhalalisha viumbe vya baharini kwa upana. Mahanafi, walio wengi katika Bara Hindi ya kaskazini, hawali kome. Kwa hiyo kome wa kukaanga mkononi mwa muuzaji Mwislamu ni ushahidi wa bahari zaidi kuliko neno lolote la Kiarabu. Waonyesha kuwa dini ya watu hao ilikuja kwa njia ya maji na si kwa njia ya Delhi.

Ule mzani uliotajwa mwanzoni ulitumiwa kwa Waswahili na wataalamu wa kikoloni. Walihesabu maneno ya Kiarabu katika Kiswahili, wakatazama misikiti ya mawe, wakahukumu kuwa miji ya pwani ilijengwa na wageni. Mwaka 1985 Derek Nurse na Thomas Spear, katika kitabu chao juu ya Waswahili, walionyesha kwa ushahidi wa lugha na wa machimbo kuwa mizizi ni ya Kibantu, na kwamba maneno mengi ya Kiarabu yaliingia baadaye. Mwaka 2023 uchunguzi wa chembe za urithi kutoka makaburi ya pwani uliongeza jambo ambalo baadhi ya watu walidhani lawarudisha nyuma: katika wengi wa watu waliozikwa humo, damu ya Kiafrika na damu ya Kiajemi zilikwisha kuchanganyika tangu mnamo mwaka 1000. Lakini uchunguzi huo huo ulionyesha kuwa sehemu ya Asia ilitoka hasa kwa wanaume, na sehemu ya Afrika hasa kwa wanawake. Mkwe alikuja na jina lake na nasaba yake. Lugha iliyosemwa na watoto, na chungu walichopikiwa, vilikuwa vya mama. Kuttichira ingeweza kulieleza jambo hilo bila ya maabara.

Njia za Kozhikode zimebadilika. Mwaka 2007 moto uliozuka Mittai Theruvu uliwaua watu 8. Mwaka 2017 barabara ilifunguliwa upya baada ya kutandikwa mawe na kuachiwa waendao kwa miguu. Sheria ya India ya mwaka 2014 juu ya wachuuzi wa barabarani huwapa haki ya kutofukuzwa bila ya utaratibu, ijapokuwa utaratibu wenyewe ndio huwa mgumu kuupata. Wauzaji wengi wamo ufukoni, ambako jioni huja jamaa nzima nzima kutazama jua likizama.

Ufukoni humo vitu viuzwavyo kwa wingi ni matunda yaliyowekwa katika maji ya chumvi, siki na pilipili: embe mbichi, nanasi, limau, karoti, yote yamepangwa katika mitungi ya kioo. Jina lake ni *uppilittathu*, yaani kilichotiwa chumvini, neno la wenyeji lisilo na mgeni ndani yake. Mtu wa Mombasa atasema ni achari, na achari ni la Kiajemi. Mwaka 1331 Ibn Battuta alikaribishwa na sultani wa Mogadishu, naye ameeleza alichopewa pamoja na wali wa samli: limau za achari, vishada vya pilipili vilivyotiwa siki na chumvi, tangawizi mbichi na maembe. Miaka kadhaa baadaye, alipokuwa mgeni wa sultani wa Honavar, kaskazini ya Malabari, aliandaliwa wali na samli, na pembeni pilipili, tangawizi mbichi, limau na maembe ya achari. Pilipili katika sahani zote mbili ilikuwa ile ya Malabari, kwa kuwa nyekundu haikuwako bado. Na mtu aliyekula katika sahani hizo mbili hakuona haja ya kuandika ni ipi iliyomwiga mwenziwe.